Umeme Hauwekwi Ghalani, Lakini Kazi Yake Yawekeka

Taa zinapozimika usiku, watu wengi husema kwamba umeme umekwisha, kama vile mafuta yanavyokwisha katika kandili. Kusema hivyo si kosa kubwa, lakini si ukweli wote. Mara nyingi mitambo ya kuzalisha umeme huwa mizima, maji ya mtoni hutiririka kama kawaida, na hata hivyo mji mzima huingia gizani. Kilichokosekana hapo si umeme, bali ni usawa kati ya umeme unaozalishwa na umeme unaotumiwa. Usawa huo ukivunjika kwa dakika chache tu, wodi za wazazi, vituo vya polisi, pampu za maji na majiko ya nyumbani huathirika pamoja.

Wataalamu wa nchi mbalimbali wamejifunza, wengine kwa hasara kubwa, ya kwamba usawa huo haulindwi kwa kujenga mabwawa mapya peke yake. Hulindwa pia kwa njia mbili zisizo na makelele: kuziangalia nyaya kubwa kila wakati, na kuwa na viwanda vilivyokubali kupunguza matumizi yao mara vinapoombwa.

MZIGO UNAOBEBWA NA WENGI

Yafaa kwanza ieleweke kwamba waya wa umeme si ghala. Mahindi huvunwa yakawekwa, lakini umeme unaozalishwa sasa hutumiwa sasa. Ni kweli kwamba katika miaka ya karibuni betri kubwa zimejengwa katika nchi kadhaa. Hata hivyo sehemu kubwa sana ya umeme wa dunia bado hutoka katika mtambo na kutumiwa papo hapo.

Mitambo yote iliyoungwa kwenye gridi moja huzunguka kwa mwendo mmoja. Katika Afrika ya Mashariki na sehemu nyingi za dunia mwendo huo hutoa mizunguko 50 kwa kila sekunde. Marekani hutumia mizunguko 60. Watu wanapowasha vyombo vingi kuliko nguvu iliyopo, mitambo huanza kupunguza mwendo, kama lori lenye shehena linapokutana na mlima. Mwendo ukishuka mno, mitambo huweza kuharibika. Kwa hiyo kuna swichi zinazojikata zenyewe ili kuiokoa.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Watu kumi wakibeba gogo mabegani, na watatu wakaliachia kwa ghafula, saba waliobaki hulemewa. Akianguka mwingine, wote huanguka. Gridi huanguka vivyo hivyo.

Tarehe 9 Agosti 2019, katika Uingereza, radi ilipiga waya mkubwa, na katika muda mfupi mitambo kadhaa ikajitoa. Mwendo ukashuka hadi mizunguko 48.8. Swichi zikawakatia umeme wateja wapatao milioni 1 ili wengine waokolewe. Kazi hiyo ilifanikiwa, na umeme ulirudi katika muda wa chini ya saa moja. Lakini swichi hazina macho: hukata mtaa mzima bila kuuliza ni nani anapika na ni nani anayehudumiwa na daktari. Ndiyo maana ni bora sana kupunguza mzigo mapema, kwa hiari na kwa mpango, kabla swichi hazijaamua zenyewe.

ALASIRI YA GIZA KATIKA OHIO

Hakuna tukio lililofundisha jambo hili kwa ukali kuliko lile la tarehe 14 Agosti 2003. Siku hiyo watu wapatao milioni 50 katika majimbo 8 ya Marekani na katika mkoa wa Ontario, nchini Kanada, walikosa umeme. Serikali za nchi hizo mbili ziliunda tume ya pamoja, na ripoti yake ya mwisho ilitolewa mwezi Aprili 2004. Kwa msaada wa ripoti hiyo, mkasa wote unaweza kufuatwa dakika kwa dakika.

Ilikuwa siku ya joto, lakini si joto la ajabu. Saa 7:31 mchana, kwa saa za huko, mtambo mmoja wa Eastlake, karibu na mji wa Cleveland katika jimbo la Ohio, ulizimika. Jambo kama hilo hutokea, na peke yake halikutosha kuiangusha gridi. Saa 8:14 likatokea kubwa zaidi, wala hakuna aliyelisikia: programu ya kompyuta iliyokuwa ikiwapa tahadhari wasimamizi wa kampuni ya umeme ya FirstEnergy iliacha kufanya kazi. Mafundi wa kompyuta waliitwa kurekebisha mashine, lakini wasimamizi wa zamu hawakuambiwa kwamba kengele yao imekufa. Wakaendelea kutazama vioo vitulivu, wakiamini kwamba utulivu ule ni usalama.

Kila askari aliyewahi kushika lindo anajua hatari ya jambo hilo. Lindo lililo kimya huenda likawa salama, na huenda likawa limekatwa simu. Asiyehakikisha hawezi kujua tofauti.

Saa 9:05 waya wa kilovolti 345 ulioitwa Harding–Chamberlin uligusa mti, ukajikata. La kushangaza ni kwamba waya huo ulikuwa umebeba chini ya nusu ya uwezo wake. Haukulemewa; mti ndio ulioachwa kukua mpaka ukaufikia. Umeme uliokuwa ukipita humo ukahamia katika nyaya nyingine. Nyaya hizo zikapata moto, zikarefuka na kuning'inia chini zaidi. Saa 9:32 waya wa pili, Hanna–Juniper, ukagusa mti. Saa 9:41 waya wa tatu, Star–South Canton, nao ukagusa mti.

Wakati huo simu zilikuwa zikiingia katika chumba cha usimamizi. Watu wa vituo vya jirani waliuliza kuna nini. Wasimamizi walitazama vioo vyao na kuona hakuna kitu, wakaamini vioo kuliko simu. Hata kituo kilichokuwa na wajibu wa kuisimamia kanda nzima kilikuwa kimepofuka: mchambuzi mmoja alikuwa ameizima kwa muda hesabu ya kompyuta iliyojiendesha kila baada ya dakika 5 ili airekebishe, kisha akaenda kula chakula cha mchana akasahau kuirudisha.

Dakika sita hivi baada ya saa 10, waya wa Sammis–Star, uliokuwa umelemewa kupita hata kiasi chake cha dharura, ukajikata. Tangu hapo hapakuwa na mwanadamu awezaye kuuzuia mwendo ule. Kati ya saa 10:10 na saa 10:13 mitambo ilijikata mmoja baada ya mwingine, mpaka mitambo zaidi ya 500 katika vituo 265 ikawa imezimika. Katika New York treni za chini ya ardhi zilisimama njiani, na makundi ya watu yakavuka madaraja kwa miguu kurudi makwao. Sehemu nyingine za Marekani zilikaa siku 4 bila umeme. Hasara kwa Marekani peke yake ilikisiwa kuwa kati ya dola bilioni 4 na bilioni 10.

MEGAWATI 1,500 TU

Katika ripoti ile ndefu kuna jambo moja lipasalo kukumbukwa kuliko mengine. Matumizi yaliyopotea siku hiyo yalifikia megawati 61,800. Lakini tume ilieleza ya kwamba, kama megawati 1,500 zingalipunguzwa katika eneo la Cleveland na Akron kabla ya waya wa Sammis–Star kujikata, giza lile kubwa lingaliweza kuepukwa.

Hebu msomaji apime hesabu hiyo. Megawati 1 ingaliacha kutumika mapema, na megawati zaidi ya 40 zingalisalimika. Lakini ili kuipunguza ile 1, ilihitajika kwanza kujua kwamba hatari ipo, kisha kuwa na mtu wa kupunguza. Siku hiyo Ohio haikuwa na jicho la kuona. Kwa hiyo hata mkono wa kupunguza haukunyoshwa.

JICHO: KUUANGALIA WAYA

Baada ya mkasa huo mambo mengi yalibadilika. Sheria ya mwaka 2005 ya Marekani iliweka njia ya kuzifanya kanuni za usalama wa gridi kuwa za lazima, na kuanzia mwaka 2007 kampuni inayozivunja, pamoja na kanuni ya kukata miti chini ya nyaya kubwa, huweza kutozwa faini. Vilevile vipimo vipya vimewekwa katika vituo vingi. Vipimo vya zamani vilipeleka habari kila baada ya sekunde kadhaa. Hivi vipya hupeleka habari mara 30 na zaidi kwa sekunde moja, na kila habari ina muhuri wa saa inayotoka katika setilaiti. Hivyo wasimamizi walio mbalimbali huona picha moja kwa wakati mmoja.

Kuna pia vipimo vinavyofungwa juu ya waya wenyewe au kwenye mnara wake. Hupima joto la waya, jinsi unavyoning'inia, na upepo unaoupoza. Faida yake ni mbili. Ya kwanza ni ya usalama: waya unaoshuka kuelekea mti huonekana kabla haujagusa. Ya pili ni ya uchumi. Kwa desturi kila waya hupewa kiwango kimoja cha kubeba, nacho hukadiriwa kwa siku ya jua kali na upepo hafifu. Lakini siku nyingi si hivyo. Upepo ukivuma, au usiku ukiwa wa baridi, waya ule ule huweza kubeba zaidi bila hatari. Anayepima hujua, asiyepima hukadiria, na kwa kuogopa huacha nafasi kubwa bila kutumika. Mwishoni mwa mwaka 2021 tume ya nishati ya Marekani iliagiza kwamba viwango vya nyaya kubwa vikadiriwe kwa kufuata joto la hewa la wakati huo, wala si kwa kiwango kimoja cha mwaka mzima.

MKONO: KIWANDA KINACHOKUBALI KUPUNGUZA

Jicho peke yake halitoshi. Hatari ikionekana, pahitajike pa kupunguza. Ni afadhali kiwanda kimoja kikubwa kupunguza kwa makubaliano kuliko mitaa mia kukatiwa kwa ghafula.

Viwanda vya kuyeyusha alumini ni mfano mzuri. Alumini hutengenezwa katika matanuri yenye joto la digrii 960 hivi za Selsiasi, nayo hutumia umeme mwingi mno. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, madini huganda ndani ya tanuri na hasara huwa kubwa. Lakini ukipunguzwa kwa saa moja au mbili, tanuri hubaki na joto lake, kama vile chungu kizito kinavyoendelea kutokota baada ya kuni kuondolewa. Katika Australia, kiwanda cha Tomago hutumia kama sehemu moja ya kumi ya umeme wote wa jimbo la New South Wales. Tarehe 10 Februari 2017, wakati wa joto kali na umeme ukiwa haba, kiwanda hicho kilipunguziwa mamia ya megawati, na nyumba nyingi zikaepushwa na mgawo. Katika Afrika Kusini, kwa miaka mingi shirika la Eskom lilikuwa na makubaliano na kiwanda cha Hillside cha Richards Bay, ya kukipunguzia umeme kwa muda mfupi wakati wa dhiki.

Afrika Kusini hiyo hiyo ilionyesha pia ubaya wa kupunguza bila maandalizi ya kutosha. Mwezi Januari 2008, Eskom iliviarifu viwanda na migodi mikubwa kwamba haiwezi kuwahakikishia umeme. Migodi ya dhahabu ilisimamisha kazi siku kadhaa, kwa sababu mwajiri hawezi kuwashusha watu chini ya ardhi bila kuwa na hakika kwamba lifti itawapandisha. Tofauti kati ya Hillside na migodi ile ni makubaliano: cha kwanza kilijua kitapunguza nini, kwa muda gani, na kwa malipo gani.

Si viwanda vya alumini peke yake vinavyoweza. Kiwanda cha saruji hakiwezi kuzimazima tanuri lake, lakini mashine zake za kusaga huweza kusimama saa za jioni, mradi klinka iliyokwisha kuchomwa imejaa ghalani. Pampu za maji za mji huweza kujaza matangi ya mlimani usiku wa manane, na jioni maji yakateremka yenyewe. Ghala la samaki lililopozwa vizuri hukaa na baridi yake kwa saa kadhaa, mradi milango haifunguliwi ovyo. Umeme hauwekwi ghalani kwa urahisi, lakini kazi yake yawekeka: katika klinka, katika tangi, katika baridi ya ghala. Hiyo ndiyo siri yote ya jambo hili.

Hata hivyo pana mambo ya kuangaliwa. Malipo yanayotolewa kwa kiwanda hutoka hatimaye katika fedha za wateja wote. Kwa hiyo hapana budi mita zithibitishe kwamba kilichoahidiwa kimepunguzwa kweli. Huko Texas, kampuni moja yenye kompyuta nyingi za kutengeneza sarafu za kidijitali ilitangaza kwamba katika mwezi Agosti 2023 ilipata zaidi ya dola milioni 31 kwa kupunguza matumizi yake wakati wa joto, na wananchi wengi wakauliza kama bei hiyo ni ya haki. Vilevile mfanyakazi asipoteze ujira wake kwa sababu mashine imesimamishwa kwa faida ya wote. Makubaliano mema hutaja yote hayo mapema.

KARIBU NA NYUMBANI

Mambo haya si ya Ulaya na Marekani tu. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikajikata, mitambo mingine ya kituo ikalemewa, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa zaidi ya 3. Tumbili mwenyewe alisalimika. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya waya mkubwa wa Kiambere hadi Embakasi ilianguka karibu na Nairobi, na Kenya ikakosa umeme tena. Ilionekana kwamba minara hiyo ilikuwa imehujumiwa.

Hapa ndipo kazi ya polisi na ya askari inapokutana na kazi ya fundi. Anayefungua vipande vya chuma kwenye mnara ili aviuze kama chuma chakavu hapati fedha nyingi, lakini hudhoofisha mguu unaobeba taa za wilaya nzima. Doria inayopita chini ya waya, na raia anayetoa habari mapema, ni vipimo vya kwanza kabisa vya gridi. Vilikuwapo kabla ya kompyuta, na vitahitajika baada yake.

Nchini Uganda tayari bei ya umeme wa viwandani imegawanywa kwa saa. Saa za kilele, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, bei huwa juu. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi bei hushuka. Huo ni mwanzo mwema, kwa kuwa mwenye kiwanda huona faida ya kuhamisha kazi yake. Hatua iliyo mbele ni makubaliano ya kupunguza kwa dakika chache baada ya kuombwa, pamoja na vipimo vya kuonyesha ni lini inafaa kuomba.

Na jamaa nyumbani nao wana sehemu yao. Yafuatayo hayahitaji fedha:

Nguo zipigwe pasi asubuhi au mchana, si saa moja jioni wakati kila nyumba imewasha taa na jiko.

Maji ya kuoga yachemshwe mapema, yakawekwa katika chupa au chombo kilichofunikwa.

Umeme ukikatika, mlango wa friji usifunguliwe ila kwa lazima. Vyombo vikubwa vizimwe kwenye swichi, ili umeme ukirudi usikute mzigo wote unaungoja mlangoni.

Mikaratusi na miti mingine irefukayo upesi isipandwe chini ya nyaya kubwa, wala nyumba isijengwe katika njia yake. Mti wa Ohio nao ulianza kama mche.

Mnara ukionekana umelegea, umepinda au umeibiwa vyuma, habari ipelekwe mara moja kwenye kituo cha polisi au ofisi ya umeme. Asikaribie mtu yeyote waya ulioanguka, hata kama unaonekana umekufa.

Taifa haliwezi kuacha kujenga mabwawa na mitambo, kwa kuwa watu wanaongezeka na viwanda vinaongezeka. Lakini bwawa hujengwa kwa miaka mingi, na waya huweza kugusa mti alasiri ya leo. Kati ya bwawa la kesho na mti wa leo kinachosimama ni mlinzi asiyelala, kipimo kisichonyamaza, na kiwanda kilichokubali mapema kupunguza kidogo ili wengi wasikose chote. Usiba wa ufa ni wakati ukuta ungali umesimama.